Tuwafunze wanafunzi kukumbuka popote, si darasani tu

Kila msimu wa mitihani ya kitaifa unapowadia, kuna lalamiko moja ambalo mwalimu yeyote aliyesimamia watahiniwa amelisikia mara nyingi. Mwanafunzi hutoka katika ukumbi wa mtihani amejishika kichwa, akasema kwamba jibu alilijua, alilisoma juzi, hata ukurasa lilipoandikwa anaukumbuka, ila lilikataa katakata kumjia alipokuwa ameshika kalamu. Saa mbili baadaye, akiwa bwenini kitandani mwake, jibu hilo humjia lote kamili bila kuitwa. Wazazi huliita jambo hili woga, walimu huliita uzembe, nao wenzake hawakosi kunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu.

Mara nyingi huo si uzembe wala uchawi. Maarifa aliyoyapata kijana huyo yamo kichwani, ila yamefungamana na mahali alipoyasomea, na ada alizozifuata alipokuwa akisoma, na lugha aliyoelezewa. Vinapoondolewa vitu hivi vitatu, mlango wa kumbukumbu hukosa ufunguo. Kwa hiyo shule ina kazi mbili: kumpa mwanafunzi maarifa, na kumzoeza kuyafikia akiwa mbali na dawati lake, mwalimu wake na daftari lake. Kazi hii ya pili tumeipuuza, na tumeipuuza zaidi katika suala la lugha.

Tuanze na mahali. Mwaka 1975 wanasaikolojia wawili wa Uingereza, Duncan Godden na Alan Baddeley, walichapisha jaribio ambalo hadi leo hutajwa katika vitabu vingi vya taaluma hiyo. Waliwachukua wazamiaji, watu waliozoea kwenda chini ya maji na mitungi ya hewa mgongoni, wakawapa orodha za maneno wayakariri. Orodha nyingine walizisikia wakiwa chini ya bahari ya Uskoti, nyingine wakiwa ufuoni. Kisha walitakiwa kuyataja maneno hayo, ama palepale walipoyasikia ama upande wa pili. Ikaonekana kwamba yaliyokaririwa majini yalikumbukwa vyema zaidi majini, na yaliyokaririwa nchi kavu yalikumbukwa vyema zaidi nchi kavu. Maji na ufuo, ambavyo havikuwa na uhusiano wowote na maneno yenyewe, vilikuwa vimegeuka vikumbusho.

Msomaji asikimbilie kuhitimisha kwamba kila mtahiniwa afanyie mtihani kwenye dawati lake la kila siku. Jaribio hilo lilirudiwa na watafiti wengine, nayo matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2021 hayakuonyesha tofauti ile ya awali. Aidha, mwaka 1985 watafiti wa Marekani walilinganisha wanafunzi wa chuo kikuu waliofanya mitihani yao halisi katika ukumbi wa mihadhara waliouzoea na wenzao waliopelekwa vyumba vingine. Alama zao hazikutofautiana kwa kiasi cha kutia maanani.

Je, tuseme basi kwamba mahali hapana maana? La hasha. Nadhani yafaa tujiulize ni nani hutegemea mahali na ni nani asiyetegemea. Mwanafunzi wa chuo kikuu husikia somo ukumbini, akalisoma tena maktabani, akalijadili na wenzake chini ya mti, akalitafakari akiwa njiani. Somo lake lina milango mingi; ukiufunga mmoja atapitia mwingine. Hali si hiyo kwa mtu aliyesikia neno mara moja tu, mahali pamoja tu. Utafiti mmoja wa mwaka 1978 unaupa hoja hii nguvu. Steven Smith na wenzake waliwapa wanafunzi orodha ya maneno waisome mara mbili. Baadhi walisomea mara zote mbili katika chumba kimoja, na wengine walisomea katika vyumba viwili tofauti. Walipojaribiwa katika chumba cha tatu, wale wa vyumba viwili walikumbuka maneno mengi zaidi. Mwaka uliofuata Smith alionyesha jambo jingine lenye faida: mtu aliyehamishwa chumba, akiambiwa akiwazie kwanza chumba alichosomea, kuta zake na vilivyomo, hupunguza sana hasara ya kuhamishwa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na walimu wenzangu wanaoamini kwamba nidhamu ya masomo ni kumfungia mwanafunzi mahali pamoja. Katika shule zetu nyingi za mabweni, kijana hukaa kwenye dawati lilelile asubuhi kabla ya jua kuchomoza, mchana kutwa, na tena usiku wakati wa masomo ya ziada. Siku ya mtihani huhamishiwa ukumbini, madawati yametenganishwa, ukuta aliozoea kuutazama haupo, jirani yake ni mwingine, na mlangoni amesimama askari. Tunamtahini katika somo alilolisoma na pia katika ugeni, na ugeni huo hatukumfundisha.

Isitoshe, si kila mtihani huathirika kwa namna moja. Godden na Baddeley waliporudi kulichunguza suala hili mwaka 1980, safari hii wakiwaonyesha wazamiaji maneno na kuwauliza kama waliyasikia awali, mahali hapakuleta tofauti. Sababu yaeleweka: neno likiwa mbele ya macho, lenyewe ni kikumbusho. Mitihani ya kuchagua jibu, kama sehemu kubwa ya KCPE iliyofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, humwonyesha mtahiniwa majibu manne akalitambua lililo sahihi. KCSE, ambayo imekuwako tangu 1989, kwa sehemu kubwa humwachia karatasi tupu. Wenye kuishangaa hali ya mwanafunzi aliyeng'ara katika shule ya msingi kisha akadidimia sekondari wangelizingatia jambo hili miongoni mwa mengine: kutambua ni kazi moja, kukumbuka bila kuonyeshwa ni kazi nyingine.

Suala la pili ni ada. Wakati wa mitihani shule zetu hufurika ada za kila aina. Kuna siku ya maombi, ambapo wazazi hufika na kalamu zikanyunyiziwa maji au kuinuliwa juu. Kuna kadi za kutakiana heri. Kuna mwanafunzi ambaye hakubali kuandika mtihani ila kwa kalamu moja, na mwingine asiyefua soksi zake hadi karatasi ya mwisho ikusanywe. Mwaka 2016, katika juhudi za kukomesha wizi wa mitihani, Wizara ya Elimu ilipiga marufuku shughuli za kijamii shuleni katika muhula wa tatu, zikiwemo siku za maombi. Wapo waliolaumu na wapo waliosifu. Lakini ni wachache waliouliza: ada hizi humfanyia nini mtahiniwa?

Bronislaw Malinowski, mwanaanthropolojia aliyeishi na wavuvi wa Visiwa vya Trobriand wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, alitoa jibu ambalo bado lina uzito. Aliona kwamba wavuvi hao walipovua katika maji ya ndani, yaliyotulia na yenye samaki wa hakika, hawakuhangaika na uganga. Walipokwenda bahari kuu, kwenye hatari na mashaka, ndipo zilipohitajika ada ndefu. Ada, kwa maelezo yake, huota pale ambapo ujuzi wa binadamu umefika ukomo na hofu imeanza. Na mtihani wa kitaifa kwetu sisi ni bahari kuu hasa.

Tafiti za karibuni zinaafikiana naye kwa kiasi. Mwaka 2016 Alison Wood Brooks na wenzake huko Marekani waliwapa watu kazi za kutia hofu, kama vile kuimba mbele ya wageni na kufanya hesabu kwa kushindana na saa. Baadhi yao walifuata kwanza hatua fulani walizopewa: kuhesabu kwa sauti, kunyunyiza chumvi, kukunjakunja karatasi na kuitupa. Waliofuata hatua hizo walitulia zaidi na wakafanya vyema zaidi. La kuzingatiwa ni kwamba, katika jaribio mojawapo, vitendo vilevile vilisaidia vilipoitwa ada, ila havikusaidia vilipoitwa vitendo vya ovyo ovyo. Chumvi haikuwa na nguvu. Nguvu ilikuwa katika maana waliyoipa.

Hata hivyo, tusipige chuku. Mwaka 2010 watafiti wa Ujerumani walitangaza kwamba mtu akiambiwa mpira wa gofu aliopewa ni wa bahati, huutumbukiza shimoni mara nyingi zaidi. Habari hiyo ilienea duniani. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walilirudia jaribio hilo kwa watu wengi zaidi, na bahati ile haikuonekana. Kwa hiyo la kushikwa ni dogo ila ni la hakika zaidi: ada inaweza kuutuliza moyo, na moyo uliotulia huifungulia akili njia. Haiwezi kuleta kichwani kisichokuwamo. Mwanafunzi ambaye hakukifungua kitabu cha Kemia hata aombewe na mji mzima, karatasi yake itabaki nyeupe.

Kutokana na haya nina ushauri kwa watahiniwa. Ukiwa na ada, iwe ni ile unayoibeba mwilini mwako. Pumua taratibu mara tatu, soma dua yako kimya, andika tarehe na nambari yako kwa utaratibu uleule uliouzoea tangu majaribio ya darasani. Ada ya namna hii haipotei njiani wala msimamizi hawezi kuikataza mlangoni. Lakini anayeitundika imani yake kwenye kalamu moja amempa mwizi wa kalamu uwezo wa kumwangusha. Mazoea yana taabu, walisema wahenga.

Zipo pia ada za kukariri zenyewe, na hapa Waswahili wana hazina. Katika vyuo vya Kurani vya pwani, mtoto huisoma aya kwa sauti, kwa mahadhi maalumu, mwili ukiyumba, akimsomea mwalimu hadi isimame. Sauti, mwendo na mahadhi vyote vimefungwa ndani ya kinachokaririwa. Utenzi nao umejengwa hivyohivyo. Kila ubeti una vipande vinne, kila kipande kwa kawaida kina mizani nane. Vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na cha nne hushika kina kinachodumu utenzi mzima. Msomaji wa utenzi akisahau neno, mizani humwambia neno hilo lina urefu gani, na kina humwambia linaishia na sauti gani. Kikumbusho hakimo ukutani wala dawatini. Kimo ndani ya ubeti wenyewe, na mtu huenda nacho aendako. Ndiyo maana tenzi ndefu ziliweza kuishi vifuani mwa watu waliozisikia tu.

Lakini njia hii ina mtego wake, na walimu wa Kiswahili wanaujua. Mwanafunzi hufundishwa ngeli kama wimbo: A-WA, KI-VI, LI-YA, U-I, U-ZI, I-ZI, na kuendelea. Huziimba bila kukosea. Muulize ghafla neno "ukuta" limo katika ngeli gani, utamwona midomo ikichezacheza, anaanza wimbo kutoka juu. Akikatizwa, hupotea. Amejua mfuatano, hajajua ngeli. Huyu hatasaidiwa na kuimba zaidi. Atasaidiwa na mwalimu atakayemuuliza kutoka katikati, kutoka mwisho, kwa sentensi, kwa mzaha, hadi "ukuta umebomoka, kuta zimebomoka" imjie bila wimbo.

Nifike sasa kwenye jambo la tatu, ambalo kama mwanaisimu ndilo linalonikera zaidi. Lugha nayo ni mazingira. Mwaka 2000 Viorica Marian na Ulric Neisser walichapisha utafiti kuhusu watu waliozaliwa wakizungumza Kirusi kisha wakahamia Marekani wakiwa wadogo. Walipohojiwa kwa Kirusi, walikumbuka matukio mengi zaidi ya wakati walipokuwa wakizungumza Kirusi; walipohojiwa kwa Kiingereza, yaliwajia zaidi yale ya maisha ya Kiingereza. Mwaka 2006 Marian na Caitlin Fausey wakaligeukia suala la masomo. Waliwapa watu waliojua Kihispania na Kiingereza habari za aina ya darasani, zikiwemo za historia, biolojia na kemia. Kwa jumla, walioulizwa kwa lugha waliyojifunzia walijibu kwa usahihi zaidi kuliko walioulizwa kwa lugha nyingine.

Tazama sasa shule zetu. Tangu ripoti ya Tume ya Gachathi ya mwaka 1976, sera yetu imesema kwamba madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, kisha Kiingereza kishike hatamu kuanzia darasa la nne. Kwa vitendo, mambo yamechanganyika. Mwalimu wa Sayansi huandika ubaoni kwa Kiingereza, akaona macho ya wanafunzi yamefifia, akaeleza kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, macho yakang'aa. Kisha humwamrisha mtoto anakili daftarini yale ya ubaoni. Hivyo maana imeingia kwa lugha moja na maneno kwa nyingine, bila daraja baina yao. Siku ya mtihani swali huja kwa Kiingereza, nalo hubisha hodi kwenye mlango wa maneno, ilhali maana imekaa nyuma ya mlango mwingine. Nchini Tanzania, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali tangu 1967 na Kiingereza hushika nafasi hiyo sekondari, tatizo ni lilelile kwa sura nyingine.

Kinachosikitisha zaidi ni kwamba tulikuwa, na bado mahali pengine tunayo, ada ya kuadhibu daraja lenyewe. Ngugi wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu ukoloni wa fikra jinsi mtoto aliyesikika akisema Gikuyu karibu na shule alivyoweza kuchapwa au kuvishwa kibao shingoni. Wakoloni walikwenda, kibao kikasalia katika shule nyingi. Mtoto aliyefahamu usanidinuru kwa lugha ya mama yake huambiwa, kwa fimbo na aibu, kwamba ufahamu huo asiutoe hadharani. Kisha tunamshangaa anapoduwaa.

Najua nitajibiwa kwamba mtihani ni wa Kiingereza, basi Kiingereza kitupu ndicho dawa. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama wanafunzi wetu wangelielewa somo lote kwa Kiingereza. Wengi hawalielewi, na walimu wanajua hivyo, ndiyo maana hao hao huhama lugha katikati ya kipindi. Maadamu huhama, basi wahame kwa mpango. Jambo likishaeleweka kwa Kiswahili, wanafunzi walisimulie tena kwa Kiingereza kwa maneno yao, wala si kwa kunakili. Waliloliandika kwa Kiingereza, waliulizwe kwa Kiswahili. Atakayevuka daraja hilo mara kwa mara darasani hatazama mtihanini.

Yote haya yanahitaji jambo moja ambalo shule zetu hulichukulia kama kipimo tu, nalo ni kuuliza. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi habari za kusoma. Kundi moja lilizisoma tena. La pili lilifunga karatasi na kujaribu kuandika lilichokumbuka. Baada ya dakika tano tu, waliorudia kusoma waliongoza, kwa asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliojijaribu walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Kusoma tena na tena humpa mtu faraja ya kudhani anajua. Kujiuliza kitabu kikiwa kimefungwa humtengenezea njia ya kurudi.

Walimu wakuu na wawafungulie kumbi za mitihani watahiniwa mapema, wafanyie humo majaribio kadhaa kabla ya siku yenyewe. Walimu wa madarasa na wawatoe wanafunzi nje ya vyumba vyao mara kwa mara, wawaulize maswali bila kufuata mpangilio wa kitabu, na wakitupilie mbali kile kibao cha shingoni. Wanafunzi na wasomee mahali pengi, wafunge vitabu, wajiulize kwa lugha zote wanazozijua. Na siku ya mtihani, jibu likikataa kuja, usilipigie kelele. Weka kalamu chini kidogo, liwazie darasa siku ile mlipofundishwa, nani alikaa kando yako, mwalimu alisema nini na kwa lugha gani. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

KCSE imepangiwa kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2027, na mfumo wa umilisi unaoishika nafasi yake unaahidi kumpima mtoto kwa anachoweza kutenda. Ahadi hiyo ni njema, lakini umilisi unaoonekana tu mbele ya mwalimu aliyeufundisha, katika chumba ulimofundishiwa na kwa lugha iliyoufundisha, haujawa umilisi. Mtoto atahitaji alichojifunza sokoni, kazini, shambani na mahakamani, ambako hakuna atakayempangia dawati lake la zamani. Tukimlea kwa kumbukumbu ya mahali pamoja, tutakuwa tumemnyima alichokisomea.